Maji Matamu ya Shimo la Kondo

Mimi ni mtu wa ndani. Hapa kisiwani Chula wakitaka kumsema mvivu humwambia, "Umekaa kama yule jirani wa zahanati," na jirani huyo ni mimi. Kutoka mlangoni kwangu mpaka mlango wa zahanati ni hatua thelathini na mbili. Nimezihesabu kwa sababu kila moja naitakia sababu kabla sijaipiga.

Kazi ya kuandika daftari la zahanati sikuipata kwa ubora wangu. Niliipata kwa vitu viwili: cheti cha kidato cha nne nilichotoka nacho Mombasa, tulikokimbilia wakati wa vita nikiwa mdogo, na dirisha la jiko langu, ambalo linatazamana na dirisha la chumba cha dawa. Mgonjwa akija, nesi huita jina lake kwa sauti, nami huliandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu, sufuria ikiwa motoni. Ukilifungua daftari la mwaka jana utaona kurasa zenye alama za mchuzi wa papa. Hizo ndizo sahihi zangu.

Zahanati yenyewe ni vyumba viwili na baraza, mawe ya matumbawe na chokaa, juu mabati. Chumba kimoja cha dawa, kimoja cha kuzalishia. Wafanyakazi ni watatu. Nesi, kijana mpole wa Kismayu aliyesomea kazi yake na bado anaiogopa kama mkwe mpya anavyoogopa ukweni. Shangazi yangu, dada wa baba, ambaye ni mkunga na haogopi kitu chochote chenye miguu. Na mimi, ukihesabu wanaokaa kuwa wanafanya kazi.

Orodha ilikuja na boti ya Kismayu ndani ya mfuko wa nailoni, kurasa kumi na saba. Nesi aliisoma amesimama, kisha akakaa, kisha akaja dirishani kwangu.

"Wanakuja kukagua jengo," akasema. "Si dawa, si wagonjwa. Jengo. Milango, maji, taka, moto, hewa. Kila kitu kinapewa rangi. Kijani ni sawa, njano ni kurekebisha, nyekundu ni hatari."

"Na nyekundu ikitokea?"

"Ikitokea nyekundu moja katika chumba cha kuzalishia, chumba kinafungwa mpaka irekebishwe na waje tena."

Hapo nilishusha sufuria. Mtoto wa dada yangu, niliyemlea tangu dada afariki, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba yake ya kwanza ilifika uchungu wakati hatukuwa na chumba cha kuzalishia. Walimpakia botini kumpeleka Kismayu, na mtoto akazaliwa katikati ya safari, juu ya turubai, akafa kabla ya nchi kavu kuonekana. Tangu siku hiyo yule binti hapandi boti hata kwenda harusini. Chumba kikifungwa, safari yake ilikuwa ni ile ile.

Basi nikatoka nje. Watu wa mtaa waliponiona nimesimama juani asubuhi kweupe waliuliza nani amekufa.

Tulifanya kazi majuma mawili, na nakiri kwamba nilicheka sana, maana orodha ile iliandikwa na mtu anayezijua hospitali kubwa na hajawahi kukitia macho kisiwa. Swali la pili liliuliza kama lifti ya wagonjwa inafanya kazi saa zote.

"Niandike nini?" nesi akauliza.

"Andika haijawahi kuharibika."

"Bibi, huyu atanifukuzisha kazi," nesi akamwambia shangazi.

"Umbali kati ya kitanda na kitanda," nikaendelea kumsomea. Kitanda tunacho kimoja. Nikamwambia aandike kwamba kinaishi peke yake na hakijalalamika.

Walitaka ndoo mbili za mchanga wa kuzimia moto, nyekundu. Tukaagiza rangi Kismayu, tukapaka ndoo, tukachota mchanga pale pale miguuni petu, tukaujaza ndani, tukaziweka ndoo juu ya mchanga. Jioni yake watoto walikuja kuuangalia ule mchanga wa serikali kama una tofauti na wa kwao.

Walitaka mlango wa chumba cha kuzalishia ufungukie nje, watu wapate kutoka haraka. Fundi akageuza bawaba. Kuanzia siku hiyo kila aliyekaa barazani alipigwa na mlango, na wa kwanza alikuwa shangazi, kwenye paji la uso.

Walitaka vibao. Kibao cha NJIA YA KUTOKEA nilikiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, tukakitundika juu ya mlango ule ule mmoja wa kuingilia.

"Kimesemaje?" shangazi akauliza. Yeye hakusoma.

"Kinasema huu ni mlango."

"Na mchu asiyejua kusoma akitaka kutoka?"

"Atabaki ndani."

"Basi mimi nimebaki humo miaka mingapi!"

Lakini nisiwe mwongo wa kucheka tu. Orodha ilitaka pia njia ya mteremko badala ya vidato, kwa ajili ya viti vya magurudumu. Kiti cha magurudumu hapa hatuna, na tungekuwa nacho kingezama mchangani. Shangazi alimkejeli fundi kutwa nzima: "Wamjengea mbuzi, siyo? Mjengee na choo chake." Njia ilipokauka, nilimwona kupitia dirisha langu, yeye na goti lake bovu, akipanda ile njia polepole huku akiangalia pembeni kama kuna mtu anamwona. Alipoona namwona akasema, "Naipima!" Ameipima kila siku tangu hapo.

Kwa hiyo ukurasa baada ya ukurasa tulikuwa tunasogea. Sanduku la sindano, kijani. Hewa, kijani, madirisha yetu hayana vioo. Tukafika ukurasa wa kumi na moja, na nesi akaufunika kwa kiganja.

"Hapa ndipo tulipokufa," akasema.

Ukurasa wa kumi na moja uliuliza: Je, kuna shimo la kondo la nyuma, lenye mfuniko, linalotumika, na lililo mbali na chanzo cha maji?

Sasa lazima nieleze kosa langu, na nikilieleza nataka ieleweke kwamba sikulifanya kwa ujinga. Nililifanya kwa kukaa.

Mwaka mmoja kabla, shirika fulani lilileta saruji, nondo na mchoro. Nesi alikuwa likizo kwao Kismayu. Fundi akaja dirishani kwangu na karatasi ya mchoro, maana mimi ndiye msomi. Kulikuwa na ukurasa wa maelezo na ukurasa wa mchoro. Yeye alishika wa mchoro tu, mwingine aliuacha barazani chini ya jiwe. Hatua thelathini na mbili. Nilitazama nikiwa nimekaa. Shimo la duara, limejengwa kwa mawe. Mfuniko wa saruji. Katika mfuniko, bomba limesimama kwenda juu.

Mtu wa bara angejua lile bomba ni la kutoa hewa mbaya. Sisi ni watu wa visiwani. Visima vyetu vina chumvi, na wazee wetu tangu hapo walijenga majabia ya kuwekea maji ya mvua: shimo la duara, mawe, mfuniko, na mlizamu wa kuteremsha maji kutoka darini. Bomba linalosimama juu ya shimo, kwetu sisi, halina kazi nyingine duniani.

"Ni jabia," nikasema.

"Hata mimi nimeona ni jabia," akasema fundi. "Ila aliyechora amesahau kupiga lipu chini."

"Basi mrekebishie."

Akamrekebishia. Alipiga lipu mara tatu, chini na ubavuni, akaimalizia kwa chokaa iliyochekechwa mpaka ukutani unajiona uso. Akaunga lile bomba na mabati ya zahanati. Mvua ikanyesha siku nne, jabia likajaa maji matamu, na akina mama wakapiga vigelegele. Nesi aliporudi walimpokea kwa kata ya maji. Alikunywa, akasifu, akaomba tena. Kisha akaiona ile karatasi nyingine chini ya jiwe. Nilimwona kupitia dirisha akiisoma, akitazama jabia, akiisoma tena. Kesho yake alichosema ni, "Angalau ni maji safi." Akaanza kuyatia dawa, na tukanyamaza sote.

Lakini hata lingejengwa kama lilivyochorwa, lisingetumika. Hilo shirika halikuuliza, na sisi hatukusema. Hapa kwetu kondo la nyuma halitupwi. Mkunga hulisafisha, hulikunja katika kitambaa cheupe na chumvi kidogo, na watu wa mama hulichukua wakalizika nyumbani kwao, chini ya ukuta. Ndivyo walivyofanyiwa wao, na waliowazaa, na waliowazaa hao. Mtu akiuliza wewe ni wa wapi, haulizi jina la mji, auliza ukuta.

Nesi alikuwa na shauri lake. Alilileta kwa sauti ndogo, shangazi akiwepo, na hilo lilikuwa kosa lake.

"Tulitoe maji jabia," akasema. "Tutie chokaa, tutie na... tutie matumbo ya samaki kidogo. Likae siku mbili. Akija akafunua mfuniko atasikia harufu, ataandika linatumika. Akiondoka tunaliosha."

Shangazi aliweka chini kikapu chake. "Hebu sema tena, mwanangu. Goti langu halikusikia."

"Bibi, ni siku mbili tu."

"Utie matumbo ya samaki katika maji ninayowaoshea wazazi. Kwa sababu ya karatasi."

"Kwa sababu ya chumba!"

"Mimi nimezalisha chini ya turubai, nimezalisha kambini, nimezalisha ndani ya lori. Sijazalisha kwa maji yanayonuka ngisi, na sitaanza leo."

Wote wawili wakanigeukia mimi. Mtoto wa dada yangu alikuwa amekaa barazani, mgongo ukutani, tumbo limemtangulia, anachambua mchele. Naye akanitazama.

"Mama mdogo," akasema, "mimi nitazaa humu. Wakija kufunga mlango, waufunge nikiwa ndani."

Nesi alikuwa na haki ya kuogopa, na mimi niliogopa pamoja naye. Uongo ule ulikuwa mdogo na ungeweza kufaulu. Lakini nilipochukua kalamu kuandika "ndiyo, linatumika", mkono ulikataa, na nitasema kwa nini, ingawa si desturi yangu kusema mambo ya moyoni kabla ya chakula.

Tuliporudi kutoka Mombasa, nyumba yetu ilikuwa rundo la mawe na miti ya mibura iliyojiotea. Hatukuwa na hati. Nani alikimbia na hati? Mtaa mzima ulikuwa marundo yanayofanana. Ni shangazi aliyepita juu ya mawe yale, akahesabu hatua kutoka kisimani, akasimama penye kipande cha ukuta kisichofika kiunoni, akaniambia, "Kondo lako liko hapa. Nimelizika kwa mikono hii. Jenga." Sikuwa na ushahidi mwingine, na hakuna jirani aliyeuliza mwingine. Nilijenga, nikakaa, na tangu hapo sijaona sababu ya kwenda mahali.

Na ukurasa wa kumi na moja ulikuwa chini ya kichwa kilichosema TAKA.

Nikaandika: "Shimo limejengwa. Lina maji ya kunywa. Kondo hurudishwa kwa wenyewe." Nesi alisoma, akafumba macho, akasema "Ya Rabi" na kwenda kujilaza.

Mkaguzi alikuja asubuhi ya Jumatano, maji yakianza kupwa, hivyo ikabidi ashuke mbali na atembee kwenye maji mpaka magotini, mkoba kichwani. Alikuwa binti wa Kismayu, mwembamba, hijabu ya rangi ya majani makavu, umri sawa na mtoto wa dada yangu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu mzito mwenye miwani. Hata hilo akaninyima.

Shangazi akampa kata ya maji. Akanywa yote.

"Maji matamu haya mnayatoa wapi?" akauliza. "Kismayu kwenyewe hatupati kama haya."

Nesi alikohoa. Shangazi akasema, "Mvua." Mimi nikatazama kibao cha NJIA YA KUTOKEA.

Alikuwa mkaguzi wa kweli, na hilo lilinitisha zaidi. Alifungua kila bomba, alisukuma kila dirisha, alimulika chini ya kitanda. Mlango ulimgonga begani, akaandika kijani. Alipofika kwenye lifti alisoma jibu langu, akaniangalia muda mrefu, akaandika kitu. Ningetoa pete yangu kujua ni nini. Aliposoma ukurasa wa kumi na moja hakucheka. Alitoka nje, akafunua mfuniko wa jabia, akaona uso wake mwenyewe ndani.

"Abaayo," akaniambia. Ndivyo Wasomali wanavyomwita dada. "Nimekunywa maji ya shimo la kondo?"

"Halijaonja damu hata tone, mwanangu. Limejengwa likawa jabia siku ile ile ya kwanza. Kosa ni langu, niliusoma mchoro nimekaa."

"Basi shimo la kondo hamna."

"Hatuna."

"Na makondo ya wazazi wote hawa walioandikwa kwenye daftari yamekwenda wapi?"

"Makwao."

Alifunika jabia taratibu, kwa adabu, sitasahau. Kisha akasema, "Hiyo ni nyekundu. Samahani." Akatoa mkobani karatasi ya kubandika, nyekundu kama ndoo zetu, akaelekea mlango wa chumba cha kuzalishia.

Mimi si mwepesi. Lakini nilifika kabla yake, na nilipofika nikafanya jambo pekee duniani ninaloliweza. Nilikaa. Nilikaa juu ya kizingiti, mlango wazi, miguu nje barazani.

Mlango ule ungekuwa wa zamani, wa kufungukia ndani, angeuvuta nyuma ya mgongo wangu akabandika karatasi yake. Lakini kwa amri ya orodha sasa ulifungukia nje, na kuufunga kulitaka magoti yangu yaondoke. Hayakuondoka.

"Abaayo, tafadhali."

"Nimekaa."

"Kuzuia mlango wa chumba cha wagonjwa ni nyekundu nyingine."

"Andika mbili. Karatasi ni zako."

"Unafikiri napenda?" Sauti yake ilipanda. "Nimeona mbwa amefukua kondo nyuma ya hospitali, analiburura sokoni. Nimeona limetupwa kisimani. Hili swali halikuwekwa kuwaudhi ninyi. Linauliza kama ni salama!"

"Basi uliza kama ni salama! Hujauliza. Umeuliza kama tuna shimo." Nilikuwa napiga kelele pia, na nikikaa sauti yangu hutoka vizuri zaidi. "Karatasi yako inaita taka. Hiyo taka yangu mimi ndiyo hati ya nyumba yangu, sina nyingine. Unataka niitupe shimoni pamoja na za wengine? Tumetupwa shimo moja miaka yote hiyo, mwanangu, wakimbizi, watu wa visiwani, watu wa pwani, wahesabuni wote pamoja. Hapa kila mtu ana ukuta wake."

Nesi alikuwa ameshika ndoo ya mchanga kama mtu anayetarajia moto.

Mkaguzi akatazama bahari. Maji yalikuwa yamekupwa, boti yake imelala ubavu kwenye tope. Mpaka yajae tena hakuwa na pa kwenda. Akashusha ile karatasi.

"Haya," akasema. "Nioneshe kama ni salama."

Hapo nikapatwa na taabu, kwa sababu ukuta wa kumwonesha ulikuwa kwangu, na nikiinuka mlango unafungika. Mtoto wa dada yangu akaacha mchele wake, akaja akijishika kiuno, akasema, "Nenda, mama mdogo. Nitakushikia nafasi." Akakaa kizingitini, akaujaza mlango wote, na tumbo likabaki na sehemu barazani. Mkaguzi alimtazama, akatazama karatasi yake, na sikumwona akiitoa tena mkobani.

Shangazi ndiye aliyeongoza. Alimwonesha ukuta wangu, kisha wa jirani aliyejifungua mwezi uliopita, mahali palipowekwa jiwe bapa lililopakwa chokaa.

"Kina gani?"

Shangazi akanyoosha mkono wake wa kulia. "Mpaka kwapani."

Yule binti akatoa futi yake ya kupimia na akaupima mkono wa shangazi, kutoka ncha ya kidole mpaka kwapani, naye shangazi akipiga makelele kwamba anatekenywa. Akaandika. Akauliza juu wanaweka nini. Chokaa, kisha udongo, kisha jiwe ambalo mbwa haligeuzi, na Chula mbwa hatuna. Akauliza kisima kiko wapi, wakapima umbali, yeye mwanzo wa futi na nesi mwisho, mara nne futi iliwaishia. Akaandika. Aliangalia nyumba sita. Katika moja alisema udongo uko karibu mno na karo la maji, na shangazi, ambaye hajawahi kukubali kosa mbele yangu, akasema, "Hapo kweli. Hapo nilichoka."

Tuliporudi kwangu nikawapa kahawa na mahamri. Mkaguzi alikaa kwenye kigoda changu, jambo nililolivumilia.

"Mimi nilizaliwa hospitali," akasema. "Langu sijui liko wapi."

"Masikini," akasema shangazi. "Ndiyo maana watembea na makaratasi."

Alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kisha akafungua ukurasa wa kumi na moja, akaandika muda mrefu, akanigeuzia nisome. Ilikuwa njano. Masharti manne: kondo litoke zahanatini ndani ya ndoo yenye mfuniko, mbebaji avae glavu, liandikwe daftarini limechukuliwa na nani na limezikwa wapi, na lichimbwe shimo la kweli, mbali na jabia, kwa ajili ya mzazi asiye na mtu wa kumchukulia. Atarudi kulitazama hilo shimo. Wakubwa wake wakikataa njano yake, barua itakuja nyekundu, naye hawezi kuahidi.

"Na jabia?" nesi akauliza.

"Jabia nimeliandika kwenye ukurasa wa maji. Ndicho kijani kizuri kuliko vyote mlivyopata."

Maji yalipojaa alijaza chupa zake mbili, akapanda boti.

Kichwa kile cha TAKA kilibaki kwenye karatasi zake. Daftari letu ninalitawala mimi. Nilipiga mistari mipya kwa rula, nikakiita kichwa KONDO, na chini yake safu tatu: la nani, limechukuliwa na nani, ukuta gani.

Siku kumi na moja baadaye, baada ya sala ya alasiri, mtoto wa dada yangu alizaa ndani ya chumba kile, mlango umefunguliwa nusu kwa ajili ya hewa, shangazi akimtukana kwa mapenzi. Msichana, mwenye sauti kama ya boti ya injini. Shangazi akatoka, akanipa ndoo ya mfuniko na glavu.

"Haya, wewe wa kukaa. Tembea."

Nilipita hatua thelathini na mbili na ndoo mkononi, watu wakinitazama, na hakuna hatua niliyoitakia sababu. Tukazika chini ya ukuta wangu, pembeni mwa langu, mpaka kwapani. Kisha nikaosha mikono, nikafungua daftari, nikaandika katika safu ya pili: mama mdogo. Katika safu ya tatu: ukuta wangu. Bila mchuzi.

Shimo la pili bado tunachimba. Chini ni mwamba, unakwenda kiganja kimoja kwa siku, na safari hii mchoro nimekwenda kuusoma pale pale nimesimama, kurasa zote mbili. Barua ya wakubwa haijaja. Kigoda changu nimekihamishia mlangoni mwa chumba cha kuzalishia, upande wa bawaba, ambako mlango haunigongi. Kama itakuja nyekundu, na ije. Watanikuta nimekaa.